Raia Mwenye Filimbi

Watu wengi hudhani wivu ni ugonjwa wa wasichana, kwamba mtu akishaota mvi unamtoka kama chunusi. Rubidia Argueta alikuwa na mvi, alikuwa na cheo cha inspekta begani, na kila Jumapili alisoma somo la kwanza kwenye misa katika mtaa wa La Ceibita, pembeni mwa San Salvador. Wivu alikuwa nao vilevile. Alikuwa nao tangu siku mdogo wake Osmín alipozaliwa, maana mkunga alitoka chumbani akisema, "Safari hii ni dume!" na watu wakapiga makofi. Yeye alikuwa amekaa mlangoni, mtoto mdogo, akajiuliza kama na kwake walipiga.

Mama yao aliitwa Niña Tona. Kule mwanamke wa kuheshimiwa huitwa Niña, yaani binti, hata awe bibi asiye na jino mdomoni. Baba alikufa vita vilipoanza, na hakuna aliyejitokeza kuwaambia ni upande gani uliomuua. Niña Tona akawa anapika tamale za mahindi, na Rubidia akawa anazibeba kwa beseni kichwani hadi kituo cha basi. Tamale zile ndizo zilizomlea Osmín. Ndizo zilizomnunulia viatu vya kuingilia chuo cha jeshi alipofikia umri, akachaguliwa, akawa ofisa.

Basi Osmín akija likizo na vifungo vinavyong'aa, mama alikuwa anatoa kiti nje, karibu na barabara.

"Kaa hapa mwanangu, ndani kuna joto," alimwambia.

Hakukuwa na joto. Mama alitaka mtaa uone. Rubidia naye alikuwa ndani anaosha beseni.

Vita vikaisha. Wakubwa wa pande mbili wakatia sahihi mkataba, na ndani yake mlikuwa na jambo moja Rubidia alilolishika kama mtu anavyoshika amri za Mungu: polisi watolewe mikononi mwa jeshi. Polisi wa zamani walikuwa askari jeshi wenye kofia nyingine tu. Walikuja na gari bila namba, na waliyemchukua hakurudi. Sasa kutakuwa na polisi wapya, polisi wa raia, na watakaowaongoza ni raia. Wakatangaza kwamba hata wanawake wanapokewa. Rubidia akaenda kujiandikisha, akapita mafunzo, akarudi nyumbani na sare ya buluu iliyombana makwapani.

Niña Tona alimtazama juu mpaka chini.

"Polisi wa raia," alisema. "Sasa hapo wewe ni nini? Askari ni askari, raia ni raia. Wewe ni raia mwenye filimbi."

Majirani walicheka, na jina likabaki. Hata alipopanda cheo, hata alipopigwa risasi ya mguu kule sokoni na magenge ya vijana na kulala hospitali, akirudi nyumbani mama alisema, "Haya, raia mwenye filimbi karudi." Alisema bila ubaya. Lakini neno likirudiwa miaka ishirini huota mizizi, na Rubidia alijua mizizi ya lile imefika wapi.

Hakuolewa. Alibaki na mama, akajenga ukuta wa nyuma, akabadilisha mabati. Osmín alioa, akahamia nyumba ya ghorofa upande mzuri wa mji, akafika cheo cha luteni kanali. Mama aliliruka lile la luteni. Kwake alikuwa Kanali.

*

Sasa mwaka mmoja Rais alimteua jenerali wa jeshi aliyestaafu kuwa mkuu wa polisi wote nchini. Wenye kumbukumbu walishtuka. Serikali ikasema: jamani, huyu keshastaafu, kavua sare, huyu ni raia kama mimi na wewe. Yule jenerali hakuja peke yake. Alikuja na wenzake aliowaamini, nao wakavua sare upesi upesi ili wawe raia.

Wakati huo Rubidia alikuwa kaimu mkuu wa doria za jiji. Mkuu aliyekuwepo alikufa kwa moyo, na kiti kikaachwa kwake kwa muda. Muda ule ulikuwa umerefuka, hata wenzake wakaanza kusema lile neno "kaimu" litafutwa siku si nyingi, kiti kiwe chake. Alikuwa amelisema kwa mama mara moja, kwa kujikaza. "Mama, huenda wakanipa kile kiti." Mama alijibu, "Basi vizuri," akaendelea kuchambua maharage.

Ijumaa Osmín alivua sare ya jeshi. Jumatatu alikuja na shati jeupe, akakalia kiti kile.

Hakuomba kupewa kiti cha dada yake. Walimpanga tu, kama wanavyopanga wakubwa, bila kujua nani ni ndugu wa nani. Alipogundua alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Dada, sikujua. Naapa kwa baba."

"Ndiyo, afande," alijibu Rubidia.

"Mlango umefungwa. Niite Osmín."

"Ndiyo, afande."

Nje, Koplo Tobar, dereva wa Rubidia wa miaka mingi, alikuwa anamsubiri na uso wa mtu aliyebanwa na kicheko.

"Raia gani yule," alinong'ona, "anayekunja leso pembe nne sawasawa? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, afande. Msikilize anavyotembea, anajihesabia mwenyewe kushoto, kulia."

"Nyamaza, Tobar."

"Nimenyamaza."

Angekuwa mvivu, au mlevi, au mtu wa kupokea vibahasha, Rubidia angemhurumia na kulala vizuri. Uchungu wenyewe ni kwamba Osmín aliiweza kazi. Alipigania matairi ya magari ya doria mpaka yakaja. Alijua majina ya watoto wa askari. Siku moja alimwuliza dada yake, mlango umefungwa, "Doria za sokoni zingepangwaje kama ingekuwa wewe?" Akamweleza, kwa sababu alikuwa anajua na hakuweza kujizuia. Osmín akafanya vilevile, uhalifu wa pale ukapungua, na gazeti likaandika kwamba mkono wa kijeshi umeleta nidhamu. Kwenye mkutano alisimama akasema wazo lilikuwa la Inspekta Argueta. Wote waliona ni ungwana wa mkubwa. Wakamsifu na kwa hilo pia.

Rubidia alianza kushindwa kusali. Akifika "utusamehe makosa yetu" ulimi ulikuwa unakwama.

*

Mwezi wa tano mwanzoni kila nyumba husimika msalaba wa mti uani na kuupamba kwa karatasi za rangi na matunda. Anayefika hupiga magoti kwanza mbele ya msalaba, ndipo anaruhusiwa kula tunda. Asiyesimika, wanasema, shetani huja kucheza ngoma uani kwake. Mwaka ule Rubidia alikata karatasi mwenyewe mpaka vidole vikafanya malengelenge. Alinunua matikiti, ndizi, nazi, na jocote, vile vitunda vyekundu vya kokwa kubwa ambavyo mama alivipenda. Majirani walikuja, watoto wakakaa wakimezea mate.

"Mama, tuanze. Watu wana njaa."

"Ngojeni. Kanali hajafika."

"Watoto wanalia."

"Msalaba umesubiri tangu Golgotha, utasubiri kidogo tena."

Wakasubiri. Jua likapanda, ndizi zikaanza kunukia. Rubidia alikuwa amekaa kwenye kigoda na bakuli la jocote mapajani, mavazi ya nyumbani, kandambili miguuni, anapiga soga na jirani yao Niña Meches. Hapo geti likafunguka, Osmín akaingia.

Rubidia akasimama.

Hakuamua kusimama. Miguu ilisimama yenyewe, visigino vikagongana, mikono ikanyooka kando ya gauni, kidevu juu, kama anavyosimama kila asubuhi mkuu anapoingia ofisini. Bakuli likaanguka. Jocote zikabingirika uani kote, chini ya viti, mpaka chini ya msalaba.

Niña Tona akacheka kicheko cha furaha safi, kicheko ambacho Rubidia hakukumbuka kukisikia tangu utoto.

"Mmeona? Mmeona jamani? Hata dada mtu anamsimamia! Si nilisema? Raia akimwona mkubwa anasimama tu, hajui hata kwa nini!"

"Rubi, umesahau saluti!" akadakia Niña Meches, na uani kote watu wakashika mbavu.

"Mama, acha," alisema Osmín. Uso wake ulikuwa mwekundu. Aliinama, akaanza kuokota jocote pamoja na dada yake, moja moja, akizifuta kwa leso yake ya pembe nne. Rubidia aliona mikono yake inavyookota upesi na vizuri, na akamchukia hata kwa hilo, Mungu amsamehe. Alipiga magoti mbele ya msalaba aliopamba yeye, wa pili baada ya Osmín, na hakuomba chochote.

*

Katika kwaya ya kanisa kulikuwa na mwanasheria mmoja, Bi. Iraheta, mwanamke mfupi mwenye sauti ya juu. Miezi kadhaa alikuwa anatafuta watu wa kutia sahihi naye. Katiba ya kule inamruhusu raia yeyote kwenda mbele ya majaji na kuuliza kama jambo alilofanya Rais linakubaliana na Katiba au la. Alitaka walau polisi mmoja awemo. Alishamwomba Rubidia mara kadhaa, na Rubidia alikataa. Alisema yeye ni mtu wa kutii.

Jumapili iliyofuata siku ile ya msalaba, Rubidia alimngoja nje ya kanisa.

"Ile karatasi bado ipo?"

Bi. Iraheta alimkazia macho. "Ipo. Unajua jina la mdogo wako litaingia? Tunawauliza majaji habari za jenerali na wote aliowaleta."

"Najua."

"Hatusemi ni watu wabaya, Rubidia. Tunauliza habari za kiti tu. Kiti cha polisi ni cha raia, na je, askari akivua shati leo kesho anakuwa raia wa kukikalia?"

"Naelewa. Nipe kalamu."

"Na kwa nini sasa?"

"Kwa ajili ya nchi," alisema Rubidia, kwa sauti ileile ya kusomea somo. "Kwa ajili ya waliokufa."

Bi. Iraheta alimkumbatia. Alilia kidogo, hata.

Jambo lenyewe lilikuwa la haki, na Rubidia alilijua kuwa la haki tangu zamani. Lakini siku ile mkono wake haukusukumwa na haki. Ulisukumwa na zile jocote.

Magazeti yaliandika majina. Asubuhi ile ofisini hakuna aliyemsalimia ila Tobar, naye alimsalimia akitazama ukuta. Osmín alimwita. Alikwenda akijua atahamishiwa mpakani, akahesabu kichwani nguo gani abebe.

Osmín alikuwa amesimama dirishani.

"Inspekta, ni haki yako," alisema. "Hakuna atakayekugusa hapa. Nimewaambia wote."

"Ndiyo, afande."

"Ni hilo tu."

Afadhali angemtukana.

Nyumbani Niña Tona aliacha kusema naye. Aliacha kwa namna ya kwake, maana hakuwa mtu wa kuweza kunyamaza. Alikuwa na paka mnene wa rangi ya majivu aitwaye Kapteni, basi akawa anasema na Kapteni.

"Kapteni, mwambie yule mwanamke wa mahakamani maharage yako jikoni."

Mwanzoni Rubidia alinyamaza. Baadaye alichoka. "Kapteni, mwambie mama nimeshukuru."

"Kapteni, muulize kama na ndugu zake wengine wakipata kazi atawapeleka kortini."

"Kapteni, mwambie mama sina ndugu wengine."

Kila mmoja akimsemesha paka alimrushia kitonge ili asikilize, na Kapteni akanenepa mpaka akashindwa kupanda ukuta. Karibu mwaka mzima waliishi hivyo.

Kazini ubishi haukuisha. Wakili wa serikali alikuwa amesema redioni kwamba mtu akistaafu amestaafu, jeshi halina naye tena. Askari walikuwa wanabishana juu ya hilo wakila pupusa za asubuhi, vile vikate vya mahindi vyenye jibini ndani, nyuma ya karakana, mikono imejaa jibini.

"Kastaafu si raia?" alisema mmoja. "Akienda dukani hauziwi kama raia?"

"Mimi nilimwacha mke wangu wa kwanza," alisema Tobar. "Kwa talaka, kwa hakimu, kwa muhuri. Lakini mpaka leo akipiga simu naruka. Muulizeni mke wa pili."

Walicheka wote, halafu wakanyamaza, kwa sababu wakubwa wapya kweli bado walikuwa wanaruka simu ikipigwa kutoka makao ya jeshi. Hata Osmín. Rubidia alishawahi kumwona akiinuka kitini na simu sikioni, peke yake ofisini, anasema ndiyo mkuu, ndiyo mkuu. Siku ile alimwonea huruma kwa muda mfupi. Kisha alikumbuka kiti kile mama alichokuwa akikitoa nje, na huruma ikaondoka.

Kwaresima ilipofika alikwenda kuungama kwa Padre Neto. Alimwambia yote, zile jocote, sahihi, na uongo aliomwambia Bi. Iraheta.

"Kesi yenyewe ni ya haki?" aliuliza padre.

"Ni ya haki, padre. Ndiyo maana nachanganyikiwa. Nimefanya jema kwa moyo mchafu. Niiondoe sahihi?"

Padre Neto alikohoa. Alikuwa mzee na alikuwa na mafua.

"Usiiondoe. Haki haikuhitaji wewe uwe msafi ili iwe haki. Ila wewe unahitaji kuwa msafi, kwa ajili yako. Hayo ni mambo mawili, binti yangu. Kesi waachie majaji. Wivu ni wako, na hakuna jaji atakayekutolea hukumu yake."

Alimpa malipizi ya kumwombea Osmín kila siku. Akamwombea. Kwa meno yaliyobana, lakini akamwombea.

*

Hukumu ilitoka mwezi wa tano, mvua za kwanza zimeanza na kumbikumbi wanajaa kwenye taa. Ilikuwa mchana, siku yake ya mapumziko. Redio ilikuwa jikoni. Majaji walisema polisi na ulinzi wa raia ni kazi ya raia, na mkataba haukulipiwa kwa damu ya watu ili jina tu libadilike. Wakasema askari hawi raia wa kushika kiti hicho kwa sababu tu amestaafu juzi ili akikalie. Uteuzi ukafutwa, wa jenerali na wa aliowaleta.

Rubidia alikuwa ameshika sufuria. Alingoja furaha ije. Mwaka mzima aliishi akiifikiria siku ile, hata maneno ya kumwambia Osmín alikuwa ameyatunga: Karibu uraiani, mdogo wangu. Aliyapiga msasa kila usiku kitandani.

Niña Tona alizima redio. Kapteni alikuwa amelala juu ya meza, lakini bibi hakumtazama.

"Umefurahi?" alimwuliza binti yake.

Rubidia alishtuka kusikia sauti ile ikimjia moja kwa moja.

"Sijui, mama."

"Umemtoa mwenzio mbele ya watu, hujui?"

"Mama, na mimi nilitolewa kwenye kiti kilekile. Ulisema nini? Ulitoa kiti nje. Nilipopigwa risasi ulikuja hospitali na sufuria ya supu, ukakaa unanihadithia habari za Osmín. Mimi si mwanao?"

Maneno yalitoka na machozi, na alikuwa na miaka arobaini na nane, na sufuria bado mkononi.

Mama alikaa chini. Alikuwa mzee sana alipokaa.

"Wewe sikukuhofia," alisema. "Nilikutuma na beseni, ukarudi na beseni. Kila siku. Mtu anayerudi hatolewi macho, Rubidia. Yule nilimpeleka jeshini wakati wenzake wanarudi ndani ya masanduku. Kila akifungua geti nilikuwa nashangaa. Nilikuwa namweka nje ili Mungu aone nimeshangaa, asije akajutia kunirudishia."

"Na mimi ningeweza kutorudi. Miaka ishirini barabarani, mama."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

Niña Tona alifikiri hilo. Hakuomba msamaha. Hakuwa mtu wa kuomba msamaha, na ndivyo alivyokuwa mpaka Mungu alipomchukua. Alinyoosha mkono akachukua sufuria kutoka mikononi mwa binti yake, taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kitu cha moto.

"Unaniunguzia maharage," alisema.

*

Siku ya kukabidhiana ofisi, barua ilikuwa imeshafika. Doria za jiji zitakaimiwa tena na Inspekta Argueta mpaka atakapoteuliwa mkuu. Kaimu tena. Tobar aliisoma akasonya.

"Afande, hili neno limekuoa."

Osmín alikuwa anaweka vitu vyake ndani ya boksi la karatasi. Picha ya mke, kikombe, Biblia ndogo. Alimwonyesha droo inayokwama na jinsi ya kuipiga goti ifunguke. Alimwambia gari namba saba lisitumwe mlimani, breki zake si nzuri. Rubidia alikuwa amesimama karibu na mlango na yale maneno yake kinywani, tayari kabisa. Alingoja mdogo wake anyooke.

Osmín alinyooka, akafunga mlango.

"Dada, nataka nikwambie jambo. Nyumbani kwangu wanakusema vibaya, mke wangu hasa. Mimi nimewakataza. Nimewaambia dada yangu aliapa kiapo cha polisi akakishika, hata damu yake mwenyewe ilipokuwa upande wa pili. Mimi jeshini miaka yote nimeona watu wachache wa namna hiyo." Alikunja vifuniko vya boksi. "Nakuheshimu. Nilitaka ujue kabla sijatoka."

Hapo ndipo Rubidia alipopata heshima aliyoililia maisha yake yote, na kutoka kwa mtu yuleyule. Angeweza kuinamisha kichwa tu. Angesema ahsante, na Osmín angeondoka na picha ile ya dada moyoni, naye angekaa nayo mpaka kufa. Hakuna ambaye angejua ila Padre Neto, na padre hasemi. Aliitamani heshima ile kama mtu mwenye kiu.

"Sikufanya kwa kiapo," alisema.

"Umesema nini?"

"Sahihi. Niliambiwa mara mbili, tatu, nikakataa. Kiapo nilikuwa nacho siku zote hizo na nilikataa. Nilitia baada ya zile jocote, Osmín. Nilitia kwa sababu mama alikungoja wewe ndipo tule. Nilikuonea wivu. Nimekuonea wivu tangu ulipozaliwa."

Osmín aliketi juu ya ukingo wa meza. Rangi ilimtoka usoni. Rubidia aliona amemuumiza, amemuumiza kuliko hukumu ya majaji, maana majaji walimnyang'anya kiti lakini yeye amemnyang'anya dada wa kumsifu.

"Na kama mama asingeningoja siku ile?" aliuliza hatimaye.

"Nisingetia sahihi."

"Bi. Iraheta alikuwa anangoja jina la polisi mmoja ndipo aende kwa majaji, nilisikia. Bila lako angechelewa mpaka jenerali amalize muda wake."

"Ndivyo walivyosema."

"Basi," alisema Osmín polepole, "nchi imshukuru mama."

Hakucheka. Rubidia alimtazama ajue kama ni kejeli au mzaha, na mdomo wa Osmín ulikuwa umekaa kati, hujui unapindia wapi. Alibeba boksi lake. Mlangoni aligeuka.

"Usimwambie yeye hilo la kushukuriwa. Atataka apewe cheo."

Kicheko kilimtoka Rubidia bila ruhusa, pamoja na machozi. Osmín hakungoja kukisikia. Alikuwa ameshatoka. Mwezi huo hakuja La Ceibita, wala sikukuu ya mtakatifu wa jina la mama. Alikuja baadaye, mvua zilipokata, akakaa muda mfupi, akanywa kahawa. Mambo kama hayo yana mwendo wake.

Lakini siku ile, mlango ulipofungwa, Rubidia alikalia kile kiti. Dirishani aliwaona askari wa doria wamejipanga uwanjani bila kuamriwa na mtu, wanamuaga mkuu wao. Mmoja alimbebea boksi. Mwingine alimkumbatia. Tobar, hata Tobar, alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati. Yeye alipoondolewa kwenye kiti kilekile, hakuna aliyetoka nje.

Wivu ukampanda, uleule. Haukuwa umekwenda popote. Rubidia aliusikiliza kidogo, kama unavyomsikiliza jirani mwenye kelele ambaye hahami. Kisha alisema "Mungu mlinde," kwa sauti, meno hayakubana sana, akafungua dirisha na kumwita Tobar alete ratiba ya magari, maana jioni ilikuwa inakuja na mji ulikuwa na watu wengi barabarani.